Portrush: Klabu ya gofu iliyosubiri miaka 68 kurudishiwa mashindano yake

UKITAJA gofu mbele ya wafanyabiashara wa mpakani, wengi watakuambia kuwa huo ni mchezo wa matajiri wenye muda wa kupoteza. Hawakosei sana. Gofu huchezwa kwenye klabu zenye uzio na wanachama wanaolipa ada, na mtu wa kawaida mara nyingi huingia humo kwa kubeba fimbo za wengine au kukata majani. Hata hivyo, iko klabu moja ya binafsi ambayo historia yake inatugusa sisi tuliowahi kuishi ukimbizini, na inawagusa pia wanaovuka mpaka kila siku na magunia yao. Klabu hiyo ni Royal Portrush, iliyo kwenye pwani ya kaskazini ya Ireland ya Kaskazini.

Mwaka 1951 klabu hiyo ilipokea mashindano ya The Open, ambayo ni makongwe kuliko mashindano mengine yote makubwa ya gofu duniani. Wageni walipoondoka, mashindano hayo hayakurudi tena kwa miaka 68. Katikati ya miaka hiyo nchi iliingia katika machafuko yaliyoua watu zaidi ya 3,500. Mashindano yaliporudi mwaka 2019, kombe lilichukuliwa na mtu kutoka ng'ambo ya pili ya mpaka.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nilikimbia Burundi mwaka 1993 nikiwa mtoto, nikasoma katika shule za kambini mkoani Kigoma, na nikarudi nyumbani mwaka 2004 pamoja na maelfu ya wenzangu. Tangu hapo nimezisikia hotuba nyingi zinazozungumzia kurudi kana kwamba ni safari ya siku moja: unapanda lori, unavuka mto, umefika. Historia ya Portrush inaonyesha jambo jingine. Kurudi ni kazi ya miaka, hufanyika kidogo kidogo, na hutegemea sana wale waliobaki wakilinda uwanja wakati hakuna mgeni aliyetaka kuja.

Reli, mchanga na msichana wa miaka 17

Portrush ni mji mdogo uliojengwa kwenye rasi inayoingia baharini. Reli ilifika hapo mwaka 1855, na watu wa Belfast wakaanza kwenda kupunga upepo wa bahari. Pembeni mwa mji kuna vilima vya mchanga vilivyoota majani mafupi, ardhi isiyofaa kwa kilimo. Watu wa Uskoti walikuwa wamecheza gofu kwenye ardhi ya namna hiyo kwa karne nyingi.

Mwezi Mei mwaka 1888 klabu ilianzishwa kwa jina la County Club, ikiwa na mashimo 9 tu. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, gofu huchezwa kwa kupiga mpira mdogo kwa fimbo hadi uingie kwenye shimo, kisha unaendelea na shimo linalofuata. Uwanja kamili una mashimo 18, na mashindano makubwa huchezwa kwa siku nne. Anayemaliza kwa mikwaju michache kuliko wengine ndiye mshindi. Mwaka 1895 klabu ilipata jina lake la sasa, Royal Portrush, baada ya Mwanamfalme wa Wales kukubali kuwa mlezi wake.

Mwaka huo huo wa 1895 klabu iliandaa mashindano ya wanawake ya Uingereza, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kuvuka bahari na kuchezwa Ireland. Wanawake wa Portrush walikuwa na klabu yao tangu 1891, na hawakukaa kutazama. May Hezlet alitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1899 akiwa na miaka 17 tu, akarudia mwaka 1902 na 1907. Katika fainali ya 1907 aliyemshinda alikuwa dada yake wa damu, Florence. Mwenzao Rhona Adair alikuwa bingwa mwaka 1900 na 1903.

Uwanja unaojulikana leo ni kazi ya Mwingereza Harry Colt, aliyeuchora upya na kuukamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Unaitwa Dunluce, jina la ngome iliyobomoka inayoonekana juu ya majabali karibu na hapo. Kando yake kuna uwanja wa pili wa klabu uitwao Valley. Msomaji auweke akilini huu uwanja wa pili, maana tutaurudia.

Kisiwa kilipogawanywa, gofu haikugawanywa

Mwaka 1891 klabu za gofu za Ireland zilikutana Belfast na kuunda chama kimoja cha kisiwa kizima. Ndicho kilikuwa chama cha gofu cha kitaifa kikongwe kuliko vyote duniani. Miaka 30 baadaye, mwaka 1921, kisiwa kiligawanywa. Kaunti 6 za kaskazini zikabaki chini ya Uingereza, na kaunti 26 zikawa nchi ambayo leo tunaiita Jamhuri ya Ireland. Mpaka wa karibu kilomita 500 ukakatiza mashamba, barabara na hata vijiji.

Mwaka 1923 forodha ziliwekwa. Bidhaa zilitakiwa kupita kwenye barabara chache zilizoidhinishwa, na barabara nyingine zote zikahesabiwa kuwa haramu kwa mizigo. Wenzetu wafanyabiashara hawahitaji kuelezwa kilichofuata. Siagi, chai, ng'ombe na nguruwe vilivushwa usiku, kila upande ukifuata kilichokuwa rahisi upande wa pili. Nilipowasimulia habari hii wafanyabiashara wa Mugina, mama mmoja anayeleta dagaa kutoka Kigoma alishika kiuno akacheka.

"Mwalimu, kumbe hata kwa wazungu kuna njia za panya?"

"Zilikuwepo, mama," nikamjibu. "Na walizijua kwa majina, kama wewe unavyozijua zako."

Forodha hizo zilidumu hadi Januari 1, 1993, soko la pamoja la Ulaya lilipoanza. Ni miaka 70 ya mihuri, upekuzi na magendo.

Katika miaka hiyo yote, vyama vingi vililazimika kuchagua upande. Mpira wa miguu uligawanyika mwaka 1921, na mpaka leo kuna timu mbili za taifa. Chama cha gofu hakikugawanyika. Kijana wa Portrush na kijana wa Cork waliendelea kuandikishwa katika daftari moja na kucheza katika timu moja ya Ireland. Sina maana kwamba klabu hizo zilikuwa kimbilio la wanyonge. Zilikuwa klabu za wenye nacho. Lakini zilibaki na kitu kimoja ambacho serikali mbili zilishindwa kuwa nacho, yaani orodha moja ya wanachama kwa kisiwa kizima.

Mtoto aliyebeba fimbo

Fred Daly alizaliwa Portrush mwaka 1911. Alikuwa mtoto wa mji, na aliuingia mchezo huu kwa mlango wa nyuma, kwa kubeba mikoba ya fimbo za wachezaji. Baadaye akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1947 alikwenda Hoylake, England, akashinda The Open kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Ireland, kusini au kaskazini, kushinda kombe hilo. Ilipita miaka 60 ndipo mwingine akapatikana, Padraig Harrington wa Dublin, mwaka 2007.

Miaka minne baada ya ushindi wa Daly, The Open yenyewe ikaja nyumbani kwake. Tangu ianze mwaka 1860 haikuwahi kuchezwa nje ya Uskoti na England. Mwezi Julai 1951 wachezaji walivuka bahari hadi Portrush. Mshindi alikuwa Mwingereza Max Faulkner, mtu aliyependa mavazi ya rangi kali, aliyemaliza kwa mikwaju 285, miwili mbele ya Antonio Cerdá wa Argentina. Zawadi yake ilikuwa pauni 300.

Baada ya hapo mashindano yalirudi ng'ambo. Hakuna aliyetangaza kwamba Portrush imefutwa. Mashindano yaliendelea kukua, yakahitaji nafasi kubwa zaidi, barabara na hoteli, na klabu nyingine zikapewa zamu. Kisha sababu nyingine ikaja juu ya hizo.

Miaka ya giza

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Ireland ya Kaskazini iliingia katika mapigano kati ya wale waliotaka kuungana na Jamhuri, wengi wao Wakatoliki, na wale waliotaka kubaki Uingereza, wengi wao Waprotestanti, huku jeshi la Uingereza likiwa mitaani. Wenyewe wanakipa kipindi hicho jina la upole, "zile taabu", kama sisi tunavyosema "mgogoro" kana kwamba tunazungumzia ugomvi wa majirani. Kilidumu takriban miaka 30.

Jeshi lilizifunga barabara ndogo za mpakani kwa vitalu vya zege, nyingine likazilipua. Mkulima aliyekuwa akitembea dakika tano kwenda kwa shemeji yake alilazimika kuzunguka mbali sana. Tarehe 12 Juni 1973 bomu lililotegwa ndani ya gari lililipuka Coleraine, mji ulio umbali usiofika kilomita 10 kutoka Portrush, likaua watu 6, wote wakiwa wazee. Katika hali hiyo nani angethubutu kuleta mashindano ya dunia?

Lakini klabu haikufungwa. Wanachama waliendelea kulipa ada, majani yakaendelea kukatwa, vijana wakaendelea kufundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tatizo jingine lilitokea. Bahari ilikuwa inakula ufukwe na kutishia eneo la shimo la tano, lililo ukingoni kabisa mwa maji. Klabu ilichangisha fedha na kupanga mawe makubwa kuzuia mawimbi. Fikiria jambo hilo, ndugu msomaji. Mashindano makubwa yalikuwa yameondoka miaka 30 nyuma, mabomu yalikuwa yakilipuka mikoani, na watu hawa walikuwa wakisomba mawe ili shimo moja la gofu lisianguke baharini.

Wapo watu wa namna hiyo katika kila tarafa yetu. Ni wale waliobaki, wakatunza kisima cha shule, wakaficha daftari la ubatizo, wakakumbuka mpaka wa shamba la jirani aliyekimbia. Sisi tuliorudi tunapenda kusimulia mateso ya kambini, nayo yalikuwa ya kweli. Ni mara chache tunawauliza waliobaki walifanya nini ili tupate mahali pa kurudi.

Wazee walitangulia

Mashindano hayakurudi kwa mkupuo. Mwaka 1993, wakati mauaji yakiwa bado yanaendelea, yalikuja mashindano ya wachezaji wa ridhaa wa Uingereza. Tarehe 31 Agosti 1994 wapiganaji wa IRA walitangaza kusitisha mapigano, na mwezi Oktoba makundi ya upande wa pili yakafuata. Mwaka 1995 ikaja The Open ya wazee, yaani wachezaji waliofikisha miaka 50.

Mshindi wa 1995 alikuwa Brian Barnes, akashinda tena hapo hapo mwaka 1996. Barnes alikuwa mkwe wa Max Faulkner, yule bingwa wa 1951. Mkwe alirudi kushinda pale baba mkwe alipoacha jina lake miaka 44 kabla. Mwaka 1997 ilikuwa zamu ya Gary Player wa Afrika Kusini. Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 10 Aprili 1998, na wazee hao walikuwa tayari wamekuja mara tatu.

Tuliokaa Kigoma tunalifahamu jambo hili. Kabla ya misafara mikubwa ya malori, wawakilishi wa wakimbizi walipelekwa nyumbani kuangalia hali, kisha wakarudi kambini kutueleza walichokiona. Mzee akisema barabara inapitika na shamba lipo, familia nzima huanza kufunga mizigo. Akinyamaza, hakuna karatasi ya shirika lolote itakayowatoa watu ndani ya hema zao.

Baada ya wazee, wakaja vijana wa nyumbani wenyewe. Mwaka 2005 mvulana wa miaka 16 aitwaye Rory McIlroy alicheza raundi ya Portrush kwa mikwaju 61, rekodi ya uwanja huo. Mwaka 2010 Graeme McDowell, mzaliwa wa mji huo, alishinda US Open ya Marekani. Mwaka 2011 McIlroy akashinda US Open, na mwezi uliofuata Darren Clarke, aliyekuwa anaishi Portrush, akashinda The Open. Mwaka 2012 mashindano ya Irish Open yakaletwa hapo na watu zaidi ya 100,000 wakafika. Hapo ndipo wakubwa wa gofu walipokosa kisingizio. Mwaka 2014 walitangaza kwamba The Open itarudi Portrush.

Gharama ya kurudi

Tangazo hilo lilikuja na sharti. The Open ya siku hizi inahitaji eneo kubwa kwa mahema, maduka, vyombo vya habari na maelfu ya watazamaji, na Portrush haikuwa nalo. Suluhisho lililopendekezwa lilikuwa kuyatoa mashimo mawili ya mwisho, la 17 na la 18, eneo lake litumike kwa mahema. Badala yake yangejengwa mashimo mawili mapya, la 7 na la 8, kwenye ardhi iliyochukuliwa kutoka uwanja wa pili, ule wa Valley. Na Valley nao ukatengenezwa upya ili usibaki na pengo.

Kwa mwanachama aliyecheza maisha yake yote akimalizia shimo la 18 lile lile, hilo si jambo dogo. Wanachama walikubali. Mchoraji Martin Ebert alipojenga shimo jipya la 7, aliweka humo mfano wa shimo kubwa la mchanga lililokuwa kwenye shimo la 17 la zamani, maarufu kwa jina la Big Nellie, ili kumbukumbu isipotee kabisa.

Hapa ndipo historia hii iliponigusa zaidi. Wengi wetu tulirudi tukidai kukuta kila kitu kama tulivyokiacha, na tukakuta mtu mwingine analima, amejenga, ana watoto. Palipokuwa na ukaidi pande zote mbili, kesi hizo zimedumu hadi wenye shamba wanazeeka. Palipokuwa na maelewano, kila upande ulitoa kitu. Kurudi ambako hakuna anayepunguza chochote ni nadra sana, iwe kwenye gofu au kwenye mihogo.

Mtu wa ng'ambo anyanyua kombe

Asubuhi ya tarehe 18 Julai 2019, Darren Clarke alipewa heshima ya kupiga mpira wa kwanza. Macho ya wengi yalikuwa kwa McIlroy. Mpira wake wa kwanza ulitoka nje ya uwanja, akamaliza shimo la kwanza kwa mikwaju 8, na siku ile kwa 79. Siku ya pili alicheza kwa 65, umati ukimsukuma kwa kelele, lakini akakosa kuendelea kwa mkwaju mmoja tu.

Jumamosi jina jingine likapanda. Shane Lowry, mtu wa Clara katika Kaunti ya Offaly, ndani ya Jamhuri, alicheza raundi ya mikwaju 63. Jumapili mvua na upepo viliwachapa wachezaji wote, yeye akasimama imara. Alishinda kwa tofauti ya mikwaju 6, jumla yake 269. Bendera za Jamhuri zilipepea katika mji ambao miaka 40 nyuma kuipeperusha bendera hiyo hadharani kungeweza kuleta umwagaji damu. Watu wa kaskazini walimwimbia mtu wa kusini kama mtoto wao. Na kwa hesabu za chama cha gofu alikuwa mtoto wao kweli, maana daftari lilikuwa moja tangu 1891. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Lowry na McIlroy walivaa jezi moja ya Ireland.

Watazamaji mwaka 2019 walikuwa 237,750. Mashindano yalirudi tena Julai 2025, safari hii baada ya miaka 6 tu, na watu wapatao 278,000 wakahudhuria. Mmarekani Scottie Scheffler alishinda kwa mikwaju 267.

Nisieleweke vibaya. Gofu haikuleta amani Ireland ya Kaskazini. Amani ililetwa na mazungumzo marefu na watu waliochoka kuzika. Hadi leo kuta zinazotenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti bado zimesimama Belfast, na watoto wengi husoma shule tofauti kwa dhehebu. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2020, hofu kubwa ya watu wa kule ilikuwa kuona forodha za zamani zikirudi mpakani.

Lakini kuna maswali ambayo vyama vyetu vinaweza kujiuliza. Je, ni chama gani cha wavuvi, cha wauza dagaa au cha walimu chenye daftari moja kwa pande zote mbili za mpaka wetu? Siku mpaka ukifungwa, nani ataendelea kulitunza daftari hilo? Chama kinachoundwa siku ya sherehe ya kufungua kituo cha forodha hufa mkuu wa wilaya akihamishwa. Kile kinachoendelea kukutana hata kukiwa na watu saba tu ndicho kitakachokuwepo siku wageni watakaporudi.

Mawe yaliyopangwa ufukweni Portrush miaka ya 1980 yapo hadi sasa. Wachezaji wote wa 2019 na 2025 walipofika shimo la tano, walisimama kwenye majani yaliyolindwa na mawe hayo.